Maswali na Majibu: Huduma za Chuo Kikuu Kwenye Simu

Baada ya safu hii kuzungumzia tovuti za vyuo vikuu, wasomaji wametuandikia wakitaka tuendelee hadi kwenye simu, yaani namna chuo kinavyoweza kupanua huduma zake za tovuti ya simu na za programu zinazosakinishwa. Barua tumezifupisha bila kugusa hoja zake.

Ndugu Mhariri, chuo chetu kina tovuti iliyosanifiwa zamani kwa ajili ya kompyuta za mezani, pamoja na programu moja ya simu inayotoa habari na picha za matukio. Uongozi sasa unataka huduma za simu zipanuliwe, na umetuagiza tutengeneze programu mpya ya Android na nyingine ya iPhone. Mimi naona tungeanza na tovuti, ila sijaweza kuwashawishi wakubwa wangu. Tuanzie wapi?
*Mkuu wa idara ya TEHAMA*

Jibu: Tunakuunga mkono. Hoja ya kwanza ya kuwapelekea wakubwa wako ni ya watumiaji wenyewe. Mwombaji ambaye bado hajapata nafasi ya masomo, mzazi anayetafuta kiwango cha ada, mwajiri anayetaka kuhakiki cheti na mtafiti wa chuo kingine wote wanafika kupitia kivinjari, na hakuna hata mmoja wao atakayesakinisha programu kwa ajili ya swali la dakika moja. Hoja ya pili ni ya utafutaji. Mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba itaanza kuzisoma na kuzipanga kurasa kwa kutazama sura yake ya simu, na kazi ya kuzihamishia tovuti kwenye utaratibu huo ilikamilika 2023. Kwa hiyo maelezo yaliyoondolewa kwenye sura ya simu ili kuupunguzia ukurasa uzito huenda yasipatikane katika utafutaji, hata kwa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta kubwa.

Kuna wakati ambapo agizo la wakubwa wako lingeeleweka zaidi. Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008, la Android likafuata Oktoba mwaka huohuo, na vyuo vikuu havikuchelewa kuingia. Stanford ilipata programu ya iPhone iliyotengenezwa na wanafunzi wake. MIT ilishika njia nyingine: ilijenga tovuti ya simu ambayo seva yake iliitambua aina ya simu na kuipelekea ukurasa inaoumudu, kisha ikauachia wazi msimbo wake ili vyuo vingine viutumie. Simu za miaka ile zilitofautiana mno kwa uwezo, na kutunza tovuti mbili, ya kompyuta na ya simu, ilikuwa kawaida. Mei 2010 msanifu Ethan Marcotte alichapisha makala iliyopendekeza ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa skrini, na tangu hapo sababu za kutunza tovuti mbili zimekuwa zikipungua hadi zimekaribia kwisha. Hata hivyo, vyuo vingi bado vina tovuti ya pili ya simu iliyosahauliwa, yenye majina ya wakuu wa vitivo waliokwisha kustaafu. Kama chuo chenu kina tovuti ya namna hiyo, ifungeni, na anwani zake zielekezwe kwenye kurasa zilizo hai.

Kuhusu mahali pa kuanzia, fungueni kumbukumbu za seva na mtazame maneno ambayo watu wanayaandika katika kisanduku cha kutafutia. Mara nyingi mtakuta ratiba, matokeo, ada, kalenda ya masomo, fomu za kujiunga na namba za ofisi, huku ukurasa wa mwanzo ukiwa umejaa picha kubwa zinazopishana, ambazo hakuna aliyeziulizia. Ratiba iliyowekwa kama faili la PDF la kurasa nyingi ndiyo kero kubwa kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi analazimika kulipakua lote, kulikuza kwa vidole na kusogeza kushoto na kulia ili aone kipindi kimoja cha asubuhi. Geuzeni huduma hizo chache ziwe kurasa nyepesi, kisha mzipime kwa simu za bei nafuu zilizo kwenye mtandao dhaifu, si kwa simu za wakurugenzi. Vipimo vinavyotumiwa na Google vinafaa kama lengo: sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na mguso ujibiwe ndani ya milisekunde 200, kwa angalau robo tatu ya ziara zote.

Kazi iliyo nzito zaidi haionekani kwenye skrini. Katika vyuo vingi ratiba moja huishi mahali pengi: kwenye lahajedwali la kitivo, kwenye mfumo wa usajili na kwenye ubao wa matangazo, na nakala hizo hazilingani. Programu mpya itakayojengwa juu ya hali hiyo itakuwa nakala nyingine tu ya kutofautiana na zilizopo. Amueni ni ofisi gani inayomiliki ratiba, ada, orodha ya majengo na saa za huduma, kisha mjenge huduma moja ya data ambayo tovuti, programu na mifumo mingine yote itasoma kutoka kwake. Mkifika hapo mtashangaa ni mambo mangapi yanawezekana bila programu yoyote mpya. Kwa mfano, ratiba ikitolewa kwa muundo wa iCalendar, ambao ni kanuni ya wazi inayofahamika na kalenda za simu karibu zote, mwanafunzi anaweza kujiunga nayo mara moja, na chumba kikibadilishwa yeye atauona mpangilio mpya kalenda yake itakapojisasisha. Mabasi ya chuo nayo yana muundo wake wa wazi, GTFS, unaosomwa na programu za ramani ambazo wanafunzi tayari wanazo.

Baada ya hayo ndipo suala la programu linapostahili kufunguliwa, nalo lifunguliwe kwa swali moja: ni jambo gani ambalo tovuti haiwezi kulifanya? Orodha hiyo inazidi kufupika. Tovuti zinazoweza kuwekwa kwenye skrini ya mwanzo ya simu na kufanya kazi hata mtandao unapokatika zilipewa jina la pamoja, Progressive Web Apps, mwaka 2015. Apple ilikubali kiini cha teknolojia hiyo katika iOS 11.3, toleo la mfumo endeshi wa iPhone, mwaka 2018, na Machi 2023, katika iOS 16.4, ikaziruhusu tovuti zilizowekwa kwenye skrini ya mwanzo kutuma arifa. Yanayobaki kwa programu halisi ni kitambulisho cha kidijitali kinachofungua milango, matumizi ya kina ya vihisi vya simu, na kazi zinazopaswa kuendelea skrini ikiwa imezimwa. Wakumbusheni pia wakubwa kwamba kanuni za duka la Apple zinaruhusu kuikataa programu ambayo kimsingi ni tovuti iliyofungwa upya, kwa hiyo njia ya mkato ya kuitia tovuti ya sasa ndani ya programu inaweza kuishia kwa barua ya kukataliwa baada ya fedha kutumika.

Mhariri, programu ya chuo chetu ina alama nyingi kwenye ukurasa wake wa kwanza, lakini nikibonyeza nyingi kati yake zinafungua kurasa za tovuti ndani ya programu, na kila moja inaniomba neno la siri upya. Wenzangu wengi wameifuta. Kwa nini inakuwa hivyo, na je, inarekebishika?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Jibu: Inarekebishika. Malalamiko yako yana matatizo mawili ambayo ni vizuri kuyatenganisha.

La neno la siri ni la kiufundi. Dirisha la kivinjari lililowekwa ndani ya programu kwa kawaida halishirikiani kumbukumbu na kivinjari cha simu, hivyo hata kama umeshaingia kwenye mfumo wa masomo kupitia kivinjari, dirisha lile halikujui. Tena lina hatari: programu inayolimiliki inaweza kuyaona unayoyaandika humo, neno la siri likiwemo. Kwa sababu hizo mwongozo wa kiufundi uitwao RFC 8252, uliochapishwa 2017, unashauri programu zimpeleke mtumiaji kwenye kivinjari halisi cha simu kwa ajili ya kuingia, kisha zimrudishe. Chuo kinachohitaji kufanya hivyo hakianzi kutoka sifuri, kwa kuwa mifumo ya kuingia mara moja kwa huduma zote ina historia ndefu katika vyuo vikuu vyenyewe. CAS ilianzia Yale, na Shibboleth imetumika kwa miaka mingi katika taasisi za elimu na utafiti. Ukiandika malalamiko chuoni, usiseme tu kwamba programu inakera. Taja ni huduma zipi zinazokuomba uingie upya na kwa mpangilio gani, maana huenda baadhi zimeunganishwa na mfumo wa pamoja na nyingine zimeachwa nje, na fundi atajua pa kuanzia.

Tatizo la pili ni la kiutawala, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Alama nyingi kwenye ukurasa wa kwanza ni ushahidi kwamba kila kurugenzi ilidai nafasi yake na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kukataa. Matokeo yake, programu inafuata muundo wa ofisi za chuo badala ya siku ya mwanafunzi. Mwanafunzi anaamka akitaka kujua kipindi chake cha kwanza kiko chumba gani, kama kazi yake ya nyumbani imesahihishwa, na kama malipo yake yameonekana ili aruhusiwe kufanya mtihani. Mambo hayo matatu yanagusa kurugenzi tatu tofauti, na katika programu nyingi yamefichwa ndani ya menyu tatu tofauti, huku hotuba ya mkuu wa chuo ikiwa juu kabisa. Tunaamini, na hapa tunatoa maoni yetu tu, kwamba programu yenye kazi tano zinazofanyika hadi mwisho ni bora kuliko yenye alama thelathini zinazoelekeza kwingine. Serikali ya wanafunzi iombe mwakilishi katika kamati inayoamua kitu gani kiingie na, muhimu zaidi, kitu gani kitoke.

Mhariri, tunataka maktaba ionekane katika huduma mpya za simu za chuo. Tutangulize nini?
*Mkutubi*

Jibu: Tangulizeni yale ambayo msomaji huyafanya akiwa njiani: kuona saa za kufungua, kutafuta kitabu katika orodha na kujua kama kipo rafuni, kukiwekea nafasi, kuongeza muda wa kukopa na kuona deni la faini. Makala na vitabu vya kielektroniki vina ugumu wake, kwa sababu hukaa kwenye tovuti za wachapishaji ambazo chuo hakina uwezo wa kuzibadilisha. Mnachoweza kukifanya ni kuhakikisha kwamba viungo vyote vinapitia utaratibu wa utambulisho wa chuo, ili mwanafunzi aliye nje ya eneo la chuo asikutane na ukurasa unaomtaka alipie makala ambayo maktaba yake imeshailipia. Orodha ya vitabu ikiwa bado haisomeki vizuri kwenye simu, rekebisheni hiyo kabla ya kuomba alama yenu kwenye programu.

Ndugu Mhariri, ninaye mwanafunzi asiyeona, hodari sana, ambaye hutumia kisoma skrini cha simu yake. Tovuti ya zamani aliimudu, lakini programu mpya ya chuo imemshinda. Anasema kila kitufe kinasomwa "kitufe" bila jina. Watengenezaji wanajibu kwamba wao walifuata mitindo ya kisasa. Je, kuna kanuni ninazoweza kuzitaja?
*Mhadhiri*

Jibu: Zipo, tena za kina. Shirika la W3C linalosimamia viwango vya wavuti hutoa mwongozo wa ufikivu, yaani wa kuziwezesha huduma kutumiwa na watu wenye ulemavu, uitwao WCAG. Toleo la 2.1 la mwaka 2018 liliongeza vigezo vinavyohusu simu moja kwa moja: kwa mfano, skrini isilazimishwe kukaa wima au kulala pasipo sababu ya lazima, na jambo linalofanyika kwa kuburuta kidole kwa mchoro maalumu au kwa vidole viwili liwe na njia ya mguso mmoja. Toleo la 2.2 la Oktoba 2023 likaongeza, katika kiwango cha kati ambacho ndicho sheria nyingi hukirejelea, kwamba sehemu ya kugusa iwe na ukubwa wa angalau pikseli 24 kwa 24 za CSS (kipimo cha ukubwa kinachotumika katika kusanifu kurasa za wavuti) au izungukwe na nafasi ya kutosha. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na mandharinyuma yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, kigezo ambacho rangi rasmi za vyuo hukivunja mara kwa mara, hasa kijivu chepesi juu ya nyeupe. Na kitufe kisicho na jina ni kosa la msingi kabisa, lililokuwa limekatazwa tangu matoleo ya awali. Katika Umoja wa Ulaya maelekezo ya mwaka 2016 kuhusu tovuti na programu za taasisi za umma yaliziweka programu za simu chini ya sharti la ufikivu kuanzia tarehe 23 Juni 2021, kwa hiyo hoja kwamba kanuni hizi ni za tovuti pekee haina nguvu.

Hata hivyo usitegemee kanuni peke yake. Waalike watengenezaji wakae na mwanafunzi wako, kama yeye mwenyewe ataridhia, wamwone akijaribu kusajili somo. Kisha wawashe VoiceOver kwenye iPhone na TalkBack kwenye Android, visoma skrini ambavyo tayari vimo ndani ya simu hizo bila malipo, na wafanye kazi ileile wakiwa wamezima mwanga wa skrini. Kutia majina kwenye vitufe ni kazi ndogo kwa fundi anayeujua msimbo wake. Shida huwa ni kwamba hakuna aliyeiomba mkataba ulipoandikwa. Lipo pia jambo linalowahusu wahadhiri wenyewe: kitini kilichopigwa picha na kuwekwa kama PDF ni ukurasa mtupu kwa kisoma skrini, hata programu iwe nzuri namna gani.

Mhariri, ofisi yetu ilianza kutuma arifa kupitia programu, na sasa wanafunzi wanazizima. Kiasi gani ni halali?
*Ofisa wa usajili*

Jibu: Idadi si kipimo kizuri kama aina ya ujumbe. Arifa inayomhusu mwanafunzi mmoja na inayohitaji afanye jambo, kama vile chumba cha mtihani wake kubadilishwa, haimchoshi mtu. Tangazo la mkutano uliokwisha humchosha hata likiwa moja kwa wiki. Wapeni wanafunzi uwezo wa kuchagua aina za ujumbe ndani ya programu yenyewe, kwa sababu asiye na uwezo huo atazizima zote katika mipangilio ya simu. Tangu Android 13 ya mwaka 2022 programu mpya inalazimika kuomba ruhusa ya kutuma arifa, kama ilivyokuwa kwa iPhone tangu awali, na mtu aliyekataa si rahisi kumrudisha. Ujumbe wa dharura msiuweke kwenye programu pekee. Upitie SMS pia, kwa kuwa SMS haihitaji data wala programu iliyosakinishwa.

Ndugu Mhariri, tumepewa mapendekezo matatu: kununua programu iliyo tayari, kuajiri kampuni itutengenezee, au kuwapa kazi wanafunzi wetu wa kompyuta. La tatu ndilo rahisi kwa gharama. Mnashauri nini?
*Ofisa wa fedha*

Jibu: Gharama ya kuanza ndiyo ndogo kuliko zote, na ndiyo maana inapotosha. Akaunti ya mtengenezaji kwenye duka la Apple ni dola 99 kwa mwaka, na taasisi za elimu zilizoidhinishwa katika baadhi ya nchi zinaweza kusamehewa. Ya Google ni dola 25 zinazolipwa mara moja. Uzito uko kwenye miaka inayofuata. Mifumo endeshi ya simu hutoa toleo kubwa kila mwaka, na Google huzitaka programu zilizo kwenye duka lake zilenge matoleo ya karibuni ya Android, la sivyo haziwezi kusasishwa, na baadaye huacha kuonekana kwa watumiaji wapya wenye simu mpya zaidi. Programu isiyo na fungu la matengenezo huanza kuharibika bila mtu kuigusa.

Wanafunzi wanaweza kufanya kazi bora. Mfano wa Stanford tumeshautaja. Tatizo lao ni kuhitimu. Kama mtawapa kazi, awepo mwajiriwa wa kudumu anayeujua msimbo wote, msimbo ukae kwenye hifadhi ya chuo, na akaunti za madukani zisajiliwe kwa jina la chuo tangu siku ya kwanza. Programu iliyosajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mhitimu aliyekwisha kuondoka inaweza kukilazimu chuo kuanza upya na kuwaomba watumiaji wote wasakinishe nyingine. Zana kama React Native na Flutter zinawezesha msimbo mmoja kutoa programu za Android na iPhone, jambo linalopunguza kazi karibu nusu, ingawa si nusu kamili kama wauzaji wanavyopenda kusema.

Kununua iliyo tayari kunafaa mahali ambapo chuo chenu hakina upekee. Kama mnatumia Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, kwa mfano, tayari ina programu yake ya simu inayomruhusu mwanafunzi kupakua masomo na kuyasoma bila mtandao. Hakuna sababu ya kulipia itengenezwe upya. Kwa mkataba wowote wa kununua, wekeni bayana mambo haya: data ni mali ya chuo na itarudishwa katika muundo unaosomeka mkataba ukiisha, ufikivu ni sharti la malipo, na bei ya mwaka wa tatu na wa nne inajulikana leo. Katika bajeti wekeni pia gharama ya kuiondoa programu ya zamani, maana vyuo hupanga fedha za kuzindua na kusahau za kufunga.

Mhariri, programu ya chuo inaomba mahali nilipo na majina yaliyomo kwenye simu yangu. Inahitaji hayo kweli?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

Jibu: Mahali ulipo panaweza kuhitajika kwa ramani ya chuo, na hata hapo ruhusa ya "wakati wa kutumia programu" inatosha. Majina ya watu katika simu yako hatuoni yanahitajika kwa kazi gani ya chuo. Duka la Apple limeonyesha muhtasari wa data inayokusanywa na kila programu tangu Desemba 2020, na la Google lina sehemu kama hiyo tangu 2022, kwa hiyo angalia kwanza chuo chako kimetangaza nini humo. Kisha kataa ombi la majina katika mipangilio ya simu, endelea kutumia programu uone kama kuna kinachokwama, na uiandikie ofisi inayosimamia ulinzi wa data chuoni ukiuliza taarifa hizo huhifadhiwa wapi na nani anaruhusiwa kuzisoma.